Nyumba ya Wageni Kando ya Mto Usio na Maji

Na Mwandishi Wetu

Mtu akikuambia, ndugu msomaji, kwamba anaichukua familia yake kwenda kupumzika kando ya mto, mara moja utayaona moyoni mwako maji yanayotiririka, kivuli cha miti na watoto wanaorusha vijiwe. Akiongeza kwamba mto wenyewe hauna maji, huenda ukamshika paji la uso kuona kama hana homa. Hata hivyo mahali pa namna hiyo papo, tena si mbali na makao makuu ya nchi yetu. Ni Bahi, upande wa magharibi wa Dodoma, mwendo usiofika kilometa 60, ambako mto Bubu hulala usingizi nusu ya mwaka na kuamka na mvua.

Wakazi wa miji yetu wamezoea kudhani kuwa mapumziko ni jambo la watu wenye fedha nyingi, na kwamba hayana budi kufanyika pwani au katika mbuga za wanyama. Mfanyakazi hupewa likizo yake, naye huimalizia uani akitengeneza kuku banda. Makala haya yanataka kukuonyesha kwamba kuna mapumziko ya namna nyingine, yasiyo na anasa, ambayo humrudisha mtu nyumbani akiwa ameburudika na tena amejua jambo moja zaidi kuhusu nchi yake.

Mto wa msimu

Bubu ni mto wa nyanda za kati. Huanzia katika milima ya kaskazini, hupita katika nchi ya Kondoa na Chemba, kisha huteremka kusini hadi katika bonde pana la Bahi. Hapo ndipo mwisho wake. Hauendi baharini wala katika ziwa kuu. Humwaga maji yake katika bwawa la tope na nyasi, na safari ikaishia hapo. Bonde hili ni sehemu ya Bonde la Ufa. Ukisimama Bahi asubuhi hewa ikiwa safi na kutazama magharibi, utauona ukingo wake mrefu, ule ambao reli huupanda kutoka Saranda kwenda Manyoni.

Mvua za Dodoma ni haba. Kwa kawaida hunyesha baina ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Katika miezi hiyo Bubu huja na maji mekundu yaliyobeba udongo wa juu, bwawa likafura, mashamba yakawa kioo cha mbingu, na wavuvi wakaja kupiga dago kando ya maji. Baadaye mvua hukoma, jua hunyonya, na kwa kuwa bwawa halina njia ya kutokea, maji hupungua huku yakiacha chumvi ardhini. Wagogo wa zamani walijua kuchuja chumvi hiyo katika udongo na kuiuza mbali. Kuna miaka ambayo bwawa hukauka kabisa, ng'ombe wakalisha mahali ambapo mitumbwi ilipita.

Nyumba na vituko vyake

Mwandishi wa makala haya alilala siku mbili, mwezi wa Oktoba, katika nyumba ndogo ya wageni iliyo juu ya mwinuko unaotazamana na mkondo wa mto. Vyumba vyake ni sita. Havina namba; vimepewa majina ya samaki na ndege, na mgeni huulizwa kama angependa kulala kwa Perege au kwa Korongo. Chumba cha Kambale ndicho cha bei ya chini kuliko vyote, kwa sababu, asema mwenye nyumba, kambale ni samaki asiyelalamika: hata maji yakiisha hujikalia topeni akivuta hewa.

Barazani viti vyote vimepangwa kuelekea mtoni, kana kwamba kuna mchezo utakaoanza punde. Mbele yako ni mchanga mtupu, nyayo za mbuzi na punda, na kwa mbali mibuyu isiyo na jani. Chini ya mwarobaini umelazwa mtumbwi, na humo wageni huketi kunywa chai. Mtoto mmoja wa mjini alikuwa amekaa humo tangu asubuhi akipiga kasia hewani, na hakuna aliyemcheka. Kwenye ukuta wa jiko ipo mistari ya mkaa, kila mmoja na mwaka wake, kuonyesha maji yalifika wapi. Ule wa juu kuliko yote, nimeambiwa, ni wa mvua kubwa za mwaka 1998.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kuamuru na mkono wa kukirimu. Alipoona namna nilivyokuwa nikitazama ule mchanga, alisema: "Karibu, mwanangu. Usiulize maji yamekwenda wapi. Uliza yatarudi lini."

Chakula chake ni cha mahali hapo. Mchana ni wali wa Bahi, mchele ambao wasafiri wa reli na wa barabara wameuzoea kwa miaka mingi. Usiku ni ugali wa uwele kwa mlenda, na samaki mkavu aliyeungwa kwa karanga. Usitegemee friji iliyojaa vinywaji wala muziki wa kukesha. Baada ya saa tatu usiku husikika vyura wachache wenye subira, mbwa wa mbali, na honi ya treni.

Jambo linalowashtua wageni wengi ni sheria ya maji. Kila mgeni hupewa ndoo moja ya kuogea kwa siku, na dumu dogo la matumizi mengine. Siku yangu ya pili alifika bwana mmoja na familia yake, akauliza bafu la bomba liko upande gani. Mama hakumjibu kwa hasira. Alimwita hadi nyuma ya nyumba, akamwonyesha punda aliyekuwa akiingia na madumu manne. "Huyu ndiye bomba letu, baba," alisema. "Amkeni naye alfajiri kesho, mjue anakotoka." Kesho yake yule bwana aliamka kweli, akafuatana na wanawe wawili hadi kisimani. Waliporudi, mdogo wao alioga kwa nusu ndoo, nusu nyingine akaimwagia mche wa mpapai bila kuambiwa.

Mgeni na hongo ya maji

Kituko hiki cha ndoo, msomaji mpenzi, kina mizizi mirefu kuliko nyumba yenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa haina budi kupita Ugogo. Mashariki ilivuka nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake lenyewe lasema habari ya maji machungu; magharibi iliisubiri Mgunda Mkali. Katikati palikuwa na Wagogo wenye visima, malambo na nafaka. Watemi wa Ugogo walitoza hongo. Burton na Speke waliopita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote waliilipa, na katika vitabu vyao wakainung'unikia.

Wasafiri hao waliona unyang'anyi. Lakini jaribu kulitazama jambo hili ukiwa upande wa pili wa kisima. Msafara wa watu mia kadhaa pamoja na punda wao ungeweza kumaliza kwa siku mbili maji ambayo kijiji kilitarajia kuyatumia kwa miezi. Hongo ilimkumbusha mgeni kwamba maji anayokunywa yana wenyewe.

Nchi hii imewahi kuonja pia gharama ya kusahau jambo hilo. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia majeshi ya pande zote yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo. Ukame ulipofuata, ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo huikumbuka kwa jina la Mtunya, iliyokuwa kali zaidi katika miaka ya 1918 hadi 1920. Watu wengi sana walikufa, na wengine wakatawanyika. Reli ilikuwapo, kwa maana ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Lakini reli ile ile iletayo chakula yaweza pia kukiondoa.

Bomba la mjini

Hapa ndipo habari ya nyumba ndogo ya wageni inapougusa mlango wako, wewe unayeishi Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika eneo hilo watu kiasi cha 410,000. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 760,000. Kila mmoja wao anaoga, anapika na kufua.

Kwa miongo mingi maji ya mji huo yametoka hasa katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Si Makutupora ile ya reli iliyo mbele ya Bahi. Wataalamu waliopima kina cha maji katika visima hivyo tangu miaka ya 1950 wamegundua jambo la ajabu: akiba ya chini ya ardhi haijazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa kwa vishindo, katika ile miaka michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya 1997 na 1998. Baina ya vishindo hivyo, mji huishi kwa kula akiba.

Kwa hiyo umekuwapo kwa muda mrefu mpango wa kujenga bwawa kubwa huko Farkwa, wilayani Chemba, ili kuyakinga maji na kuyaleta jijini na katika wilaya za jirani, Bahi ikiwamo. Na mto utakaokingwa ni upi? Ni Bubu huu huu.

Haifai kulipinga bwawa kwa sababu ya mapenzi ya mandhari. Mama wa Dodoma anayesubiri zamu ya maji ana haki yake, na mwanakijiji wa Bahi anayechimba mchangani ana haki yake pia. Bwawa laweza kuyatunza maji ambayo leo yanapotea juani. Lakini tusidanganyane kwamba maji ya mafuriko ni maji ya bure yasiyo na kazi. Mafuriko ndiyo yanayolisha majaruba ya mpunga. Mafuriko ndiyo yanayotandaza bwawa la Bahi hadi katika nyasi, mahali ambapo samaki huzaliana. Mafuriko ndiyo yanayoacha malisho mabichi wakati nchi nyingine yote imekauka. Mtu anayeuziwa mchele na samaki katika soko la Dodoma anayala mafuriko ya Bubu bila kujua.

Mjadala basi si wa kuchagua mji au bonde. Ni wa kupima: kiasi gani kikingwe, kiasi gani kiachwe kiteremke, na katika miezi ipi. Wakulima, wafugaji na wavuvi wa chini ya mto hawana budi kuwa na kauli katika kupima huko, kwa maana wao ndio wanaoujua mwendo wa mto. Mistari ya mkaa katika ukuta wa jiko nayo ni kumbukumbu. Yafaa isomwe pamoja na vitabu vya wahandisi.

Ukiamua kwenda

Safari yenyewe ni nyepesi. Tangu Julai 2024 treni ya umeme humfikisha abiria wa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, na kutoka Dodoma mabasi yaelekeayo Manyoni na Singida hupita Bahi kwa barabara ya lami.

Ukipenda maji na ndege, nenda Machi au Aprili, lakini uwe na viatu vya tope. Ukipenda utulivu na nyota, nenda baina ya Agosti na Oktoba. Chukua chandarua na dawa zako. Usiwaache watoto waogelee katika maji yaliyotuama, kwani kichocho hakimjui mgeni wala mwenyeji. Usipande mtumbwi bila mwenyeji anayelijua bwawa. Salimia watu kwanza kabla ya kuuliza njia; neno moja la "mbukwenyi" litakufungulia milango mingi kuliko fedha. Mchele na samaki nunua huko huko, bila kumdhulumu mkulima kwa kupunguza bei hadi aone haya.

Na nyumba utakayofikia ikikupa ndoo moja tu, ipokee kwa mikono miwili. Waambie watoto wako ukweli: kwamba maji hayo yametoka mbali, kwamba yana wenyewe, na kwamba siku moja huenda bomba la nyumbani kwao likafunguka na kumimina mto waliouona umelala. Mtoto aliyelijua hilo hataacha bomba likivuja usiku kucha. Akikua, atakuwa raia anayeuliza swali lifaalo kila mara mji unapoomba maji: na waliobaki chini ya mto wameachiwa nini?