Kodi ya Sinza, nauli ya Maili Moja

Dalali wa Sinza hakuulizi unafanya kazi gani wala umetoka wapi. Ana swali moja: "Una miezi mingapi?" Maana yake, una kodi ya miezi mingapi mkononi, mitatu, sita au mwaka, mbali na ule mwezi mmoja ambao ni wake. Vijana wa Kibaha na Kisarawe wanaoniuliza kama wahamie Dar es Salaam hujiandaa kwa swali hilo tu. Wakishaipata hiyo miezi sita, wanaona hesabu imekwisha. Kazi yangu ni hesabu za matumizi ya nyumbani, na kwangu hapo ndipo hesabu inapoanza.

Nianze na sensa. Ile ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam; ya 2022 ikakuta 5,383,728, ongezeko lisilofika robo. Katika miaka hiyohiyo kumi mkoa wa Pwani, wenye Kibaha na Kisarawe ndani yake, ulitoka watu 1,098,668 ukafika 2,024,947. Kwa uzazi peke yake haiwezekani. Simama Visiga, Kibaha, Jumamosi asubuhi, magari ya mchanga na tofali yakipita, uwaulize wenye viwanja wanakaa wapi kwa sasa. Utasikia Tabata, Kimara, Mbagala. Kijana anafunga begi kwenda mjini wiki ileile ambayo mtu wa mjini anachimba msingi jirani na kwao.

Kwa nini chumba cha Sinza kiwe ghali kuliko cha Maili Moja ya Kibaha, na saruji ni ileile, bati ni lilelile? Mwaka 1964 mchumi William Alonso aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa lugha ya kituo cha daladala, alisema hivi: kadiri unavyokaribia kazi zilipo, nauli na muda wa njiani hupungua, na mwenye nyumba huchukua ulichookoa. Kodi kubwa ya Sinza ni nauli uliyokwisha kuilipa.

Sasa tushike kalamu. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka zako. Chumba Sinza 150,000 kwa mwezi, Maili Moja 60,000. Kazi ni Kariakoo, siku 26 kwa mwezi. Wa Sinza anatumia nauli 1,200 kwa siku, kwenda na kurudi, sawa na 31,200 kwa mwezi. Wa Maili Moja anapanda magari mawili kila upande, tuseme 3,600 kwa siku, sawa na 93,600. Jumla ya Sinza ni 181,200, ya Maili Moja 153,600. Ile tofauti ya kodi ya 90,000, iliyokuwa ikimtisha kila mtu, imebaki 27,600.

Wengi huishia hapo. Lakini wa Maili Moja anakaa njiani saa nne kwa siku, wa Sinza saa moja na nusu. Tofauti yao kwa mwezi ni saa 65. Gawa 27,600 kwa 65: Maili Moja inakulipa kama shilingi 425 kwa kila saa ya ziada unayokaa ndani ya daladala, au unayosimama, maana jioni viti havitoshi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni dogo na halina siasa: hizo saa zako za jioni zina kazi gani? Msusi anayeweza kumpata mteja mmoja zaidi baada ya saa kumi na mbili, au fundi simu, anazidi shilingi 425 kwa saa bila kutoka jasho. Huyo na ahame. Ambaye akiwahi kurudi atakaa kibarazani akitazama simu, sioni kwa nini amwongezee mwenye nyumba wa Sinza fedha.

Hesabu hubadilika kabisa kwa anayelala kwa wazazi. Hailipi ile 60,000, hivyo tofauti inapanda hadi 87,600, karibu shilingi 1,350 kwa kila saa ya njiani. Kweli, atachangia unga na LUKU, na baba atauliza amerudi saa ngapi. Hilo la baba siwezi kulitia kwenye jedwali, ingawa nashuku ndilo linalowahamisha wengi kuliko kodi na nauli kwa pamoja.

Kuna pia mlango wa kuingilia. Miezi sita ya Sinza na mwezi wa dalali ni 1,050,000 kwa mkupuo. Maili Moja, tuseme miezi mitatu na dalali, ni 240,000. Hizo 810,000 za tofauti ni cherehani, au mzigo wa kwanza wa genge. Matumizi ya mwezi yanaweza kukaribiana kabisa, na bado mmoja akaingia kwenye maisha na mtaji, mwenzake na risiti.

Haya yote yanamhusu mwenye kazi. Asiye nayo ana hesabu nyingine, na hiyo wachumi waliipata hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza nafasi za ajira ili kupunguza wasio na kazi mijini. Habari zikaenea, watu wakamiminika mijini kuzitafuta, na safu ya wasio na kazi haikufupishwa. John Harris na Michael Todaro walieleza sababu katika makala yao ya 1970: anayehama hafuati mshahara uliopo mjini, anafuata mshahara mara uwezekano wa kuupata. Ukisikia dukani Kariakoo wanalipa 300,000, na kwa kila watatu wanaoomba anachukuliwa mmoja, wewe unayo 100,000, bado hujaipata. Serikali yetu nayo ilijaribu kuwatoa mjini wasio na kazi kwa nguvu, kwa ile operesheni ya Nguvu Kazi ya 1983. Walipandishwa magari, na wengi wakarudi. Walikuwa wameshapiga hesabu yao.

Ila zipo kazi zisizoweza kufanywa kwa mbali, hata ukiamka na jogoo. Mnunuzi wa samaki Feri lazima awepo mnada ukianza. Mpishi wa hoteli wa zamu ya usiku hana gari la kumrudisha. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, huku akikiongoza chama cha TANU kilichokuwa na shughuli zake mjini. Mwaka 1955 aliacha ualimu, na baadaye akakaa Magomeni, kwenye nyumba ambayo leo ni makumbusho. Kazi yake ilitaka watu waweze kumbishia hodi usiku.

Mtu wa Kibaha na mtu wa Kisarawe hawana jibu moja. Kibaha ni makao makuu ya mkoa. Ina hospitali ya Tumbi, ina Shirika la Elimu lililoanza kwa msaada wa nchi za Nordiki miaka ya sitini, ina viwanda. Kabla ya kuitafuta kazi Posta, itafute kwanza hapo. Barabara yake imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara, kilomita 19.2, lakini ukifika Kimara njia hupungua, na muda uliouokoa Mbezi unaurudisha ukielekea Ubungo. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 ina stesheni Soga, ndani ya wilaya, ila kutoka Maili Moja kwenda Soga ni safari nyingine.

Kisarawe ni ndogo, ajira za ofisini ni chache, na wengi hutegemea shamba, mihogo na korosho, au mji. Maji yaliyokuwa kero ya miaka mingi yalifika 2020 kwa bomba kutoka Kibamba. Nawaambia hili wanaoamini mjini kuna maji: Dar inakunywa maji ya mto Ruvu, mengine yakisukumwa kutoka Mlandizi, Kibaha, na mto ulipopungua mwishoni mwa 2022, mgawo uliingia hadi mitaa iliyokuwa na kodi za dola.

Kabla ya kumpa dalali chochote, omba hifadhi kwa ndugu mjini kwa wiki mbili, uandike kila senti na kila saa. Usichague Desemba, mji ukiwa mtupu. Chagua Aprili, masika yakiwa yamekolea. Bonde la Jangwani likifurika, barabara ya Morogoro hufungwa, na aliyelipa kodi ya Magomeni ili awe karibu na Kariakoo anashuka upande wa pili wa maji pamoja na aliyetoka Maili Moja. Wa Kisarawe, ambaye gari lake linaingilia barabara ya Nyerere, huenda asubuhi hiyo ameshafungua duka.