Amani Iliyoanzia Sokoni Wajir

Jamii iliyomwaga damu yake yenyewe hairudi kuwa kitu kimoja kwa hotuba wala kwa nguvu za askari peke yake, na ushahidi wa jambo hilo umo Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Ukame mkali uliofyeka mifugo, silaha zilizovuka mpaka baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na ushindani wa kisiasa wa uchaguzi wa 1992, viligonganisha koo za Kisomali za Waajuran, Wadegodia na Waogaden, hata uhasama ukaingia sokoni, ambako wanawake wa koo hasimu waligoma kuuziana bidhaa.

Hapo ndipo Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke wa Wajir, na wanawake wenzake walipoanzia. Badala ya kuhubiri upendo kwa watu ambao ndio kwanza wamezika wapendwa wao, waliazimia jambo dogo linaloweza kupimwa: kwamba mwanamke yeyote, awe wa ukoo gani, auze na anunue bila kubughudhiwa, na ugomvi ukizuka usuluhishwe papo hapo kabla haujafika kwa wanaume wenye bunduki. Mtu anayenunua tena maziwa ya jirani huanza kumwona jirani huyo kuwa mzazi mwenye njaa ileile, na pengine huko ndiko kuhurumiana kunakozaliwa upya.

Kutoka sokoni wanawake hao waliwaendea wazee, wakimtegemea mzee wa ukoo mdogo ambaye hakuna upande uliomwogopa, na mwaka 1993 wazee wakatia saini makubaliano ya amani yaliyoitwa Azimio la Al-Fatah. Mwaka 1995 juhudi hizo zikaunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ambayo mfano wake ulienea katika wilaya nyingine za Kenya.

Hata hivyo, utaratibu huo ulibaki na dosari isiyopaswa kufunikwa. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, makubaliano mengine ya amani ya jamii za kaskazini mwa Kenya, lililotumia diya, yaani fidia inayolipwa na ukoo mzima wa muuaji kwa ukoo wa marehemu, lilipanga mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Ukoo mzima ukilipa, kila mtu huonja gharama ya kifo, na hiyo ndiyo nguvu ya diya; lakini hesabu hiyo iliwapa nusu ya thamani wanawake, wale wale waliozikutanisha koo hizo kwa mara ya kwanza.