Shahada bila kuacha shamba: wakulima wa Uluguru na Chuo Kikuu Huria

KWA mkulima wa Mgeta, chuo kikuu si jambo la kusikia redioni. Akishuka na gari la mboga kutoka Nyandira anapita Mzumbe, kilipo Chuo Kikuu Mzumbe, kabla hajashika barabara kuu ya kwenda mjini. Akifika Morogoro anakikuta Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984, kikiwa chini ya milima ileile anayoilima. Vyuo vimemzunguka. Umbali haujawahi kuwa tatizo lake. Tatizo lake ni kabichi, ambayo haiwezi kuachwa miezi tisa ikamsubiri mwenyewe akae bwenini.

Ndiyo maana habari ya kusoma shahada ukiwa nyumbani inagusa watu wengi milimani kuliko inavyodhaniwa mjini: mwenye kibanda cha pembejeo aliyeishia kidato cha sita, mwalimu wa stashahada anayelima karoti jioni, mama wa Kinole anayepeleka ndizi na mananasi mjini kupitia Mkuyuni na ambaye vyeti vyake vimelala kwenye sanduku tangu alipoolewa.

Mlango wao ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992 na kikaanza kazi mwaka 1993 chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini nguvu yake iko kwenye vituo vya mikoa, na Morogoro ni mmojawapo. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kujaribiwa Uingereza, ambako chuo kikuu huria kilianzishwa mwaka 1969. Majirani zetu wa Kenya walipata chuo chao cha aina hiyo mwaka 2023, miaka 30 baada ya sisi.

Kabla ya hapo, aliyetaka shahada bila kuacha kazi alitegemea posta. Nelson Mandela aliimalizia shahada yake ya kwanza ya sanaa kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, mchana akiwa karani katika ofisi ya wanasheria Johannesburg na usiku akisoma. Alihitimu mwaka 1943. Wanaodhani kwamba elimu ya masafa ni elimu ya daraja la pili wanaweza kuanzia hapo.

Sanaa si kuchora

Neno "shahada ya sanaa" limewapoteza wengi. Si shahada ya kuchora wala ya kuimba, ingawa wapo wanaofundishwa hayo kwingineko. Ni masomo yanayomhusu binadamu na jamii yake: historia, jiografia, Kiswahili, Kiingereza, sosholojia, siasa na mengine ya jamii hiyo. Anayetaka kuwa mwalimu husoma shahada ya sanaa na ualimu, na huyo huongezewa mazoezi ya kufundisha darasani.

Mkulima anauliza, na ana haki ya kuuliza: historia itanisaidia nini na kabichi?

Jibu la kweli ni kwamba haitapandisha bei ya kabichi hata shilingi moja. Anayesumbuliwa na wadudu, mbegu mbovu au udongo uliochoka amuone ofisa ugani au abishe hodi SUA, ambako utafiti wa mambo hayo ndiyo kazi ya kila siku. Mbuzi wa maziwa walioenea Mgeta ni tunda la ushirikiano wa wakulima na wataalamu wa chuo hicho. Shahada ya sanaa haifanyi kazi hiyo, na anayeiuza kwa ahadi hiyo anadanganya.

Lakini chukua suala la ardhi. Kwa mila ya Waluguru, ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila, na papo hapo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Panapotokea mnunuzi kutoka mjini anayetaka kiwanja chenye mandhari nzuri mlimani, anayeweza kusoma mkataba, kuufananisha na sheria na kuuliza swali sahihi mbele ya halmashauri ya kijiji ana thamani kubwa kwa ukoo wake. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kusoma kurasa nyingi na kuzipima, na hilo ndilo hasa masomo ya sanaa yanalofundisha, liitwe historia au sosholojia.

Au chukua matuta. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru, hasa upande wa Matombo, walikataa kulazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi. Pakatokea vurugu, na mpango ukafa. Watawala walisema wakulima ni wakaidi. Waliochunguza baadaye waliona sababu nyingine: kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana shambani, na aliyekuja kuamrisha hakuwa ameuliza kitu. Mwenye kibanda cha pembejeo anayeisoma habari hiyo kwa makini anajifunza kwa nini mbinu mpya inaweza kukataliwa hata ikiwa nzuri. Miradi mingi ya hifadhi ya milima hii imekuja na kuondoka tangu wakati huo, maana maji ya Uluguru ndiyo chimbuko la Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, na kila mradi ulihitaji mtu wa hapohapo anayeweza kuandika andiko, kuweka kumbukumbu za vikao na kuongea na mfadhili bila kutetemeka.

Hesabu ya saa

Mfanyabiashara hupenda namba, na hapa zipo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kusoma, ukijumlisha vitabu, mazoezi na mitihani. Hizo ni saa 3,600.

Anayetenga saa mbili kila usiku, siku sita kwa wiki, anapata saa 12. Kwa wiki 50 ni saa 600 kwa mwaka. Gawanya: miaka sita. Anayetaka kumaliza kwa miaka mitatu kama vijana wa bwenini inambidi akeshe saa nne kila usiku, siku sita, baada ya kutwa nzima ya jembe au ya dukani. Wapo wanaoweza, ila si wengi. Uzuri wa mfumo huria ni kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kwenda taratibu, achukue kozi chache mwaka ambao mvua zimemharibia, aongeze mwaka ambao mambo ni shwari. Anayejipangia miaka sita tangu mwanzo huwa na nafasi kubwa ya kufika kuliko yule anayejipangia mitatu, kisha anaachia njiani kwa aibu.

Na kuachia njiani ndiyo maradhi makuu ya elimu ya masafa, hapa na duniani kote. Hakuna kengele inayolia wala rafiki wa kukaa naye dawati moja, na mwalimu wa kumuuliza umefikia wapi yuko mbali. Mtu anakosa jaribio moja kwa sababu ya mavuno, la pili kwa sababu ya msiba, na mwaka umekwisha. Dawa iliyoonekana kufanya kazi ni kikundi. Watu watatu au wanne wa tarafa moja wanaosoma kozi zinazofanana, wanaokutana siku ya gulio nusu saa kabla ya kuuza na kuulizana maswali, hufika mbali kuliko mmoja mwenye akili nyingi anayesoma peke yake. Waliozoea kucheza upatu wanaujua utaratibu huu: unamuogopa mwenzako kuliko unavyoiogopa benki.

Fedha

Ada ya Chuo Kikuu Huria hulipwa kulingana na kozi ambazo mwanafunzi amejiandikisha. Kwa mkulima hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mwajiriwa ana mshahara kila mwezi. Mkulima wa viazi au karoti ana fedha zinapouzwa karoti, na mwenye karafuu au pilipili manga upande wa mashariki ya milima ana msimu wake. Ajiandikishe kozi zile ambazo fedha yake imekwisha kuzilipia, asizitegemee kabichi ambazo bado ziko kitaluni. Bei ya kabichi hujulikana siku ya kuuza, si siku ya kupanda.

Ada pekee si gharama yote, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mitihani hufanyika kituoni, kwa hiyo mtu wa mlimani ana nauli na malazi ya mjini kwa siku kadhaa. Kuna bando la intaneti, kwa kuwa masomo mengi siku hizi huwekwa mtandaoni, tofauti na miaka ya mwanzo ambapo mwanafunzi alibeba vitabu vilivyochapishwa. Kuna kuchapisha kazi, na kuna kibarua wa kumwagilia bustani siku za mitihani. Aandike yote kwenye daftari lilelile la mbolea na dawa, ajumlishe, ndipo aamue. Asiyejua gharama ya ekari moja ya karoti hawezi kujua kama shahada inamfaa.

Tahadhari moja haina budi kurudiwa. Malipo ya vyuo vya serikali hupitia namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Mtu anayekutaka umtumie ada kwenye simu yake ya kiganjani, hata akiwa na kitambulisho shingoni, ni wa kuogopwa. Vilevile vipo vyuo vya nje vinavyouza shahada kwa mtandao ndani ya miezi michache. Kabla ya kulipa senti, uliza TCU kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa nchini. Karatasi isiyotambuliwa ni karatasi ya kufungia karanga.

Nani anaingia

Masharti hayana upendeleo kwa kuwa eti ni chuo huria. Kwa miaka ya karibuni kipimo cha TCU kwa waliomaliza kidato cha sita kimekuwa ufaulu wa masomo mawili ya kiwango cha juu yenye jumla ya pointi nne, na kwa wenye stashahada ni wastani usiopungua 3.0. Aliyepungukiwa kidogo aulizie kituoni habari ya kozi ya msingi. Na mtu mzima mwenye uzoefu wa kazi lakini asiye na vyeti hivyo aulizie utaratibu wa kutambua elimu na ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao una mtihani wake. Vigezo hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo jibu la jirani aliyejiunga miaka mitano iliyopita halitoshi.

Kikwazo kinachowaangusha wengi zaidi ya pointi ni Kiingereza. Ukiacha Kiswahili chenyewe, kozi karibu zote husomwa na kujibiwa kwa lugha hiyo. Aliyetoka shuleni miaka 20 iliyopita na tangu hapo hajasoma kitu kirefu kuliko maelezo ya kopo la dawa ya ukungu atapata shida mwaka wa kwanza. Si aibu. Atenge miezi mitatu kabla ya kujiandikisha, asome gazeti la Kiingereza na kamusi mkononi, aandike ukurasa mmoja kila juma na kumpa mwalimu wa sekondari ya kata ausahihishe. Walimu hao wako kila kata sasa, na baadhi yao wenyewe walipanda kutoka stashahada hadi shahada kwa mlango huuhuu wa masafa.

Kuhusu ajira, ukweli usemwe. Zamani shahada ya ualimu ilikuwa sawa na barua ya kazi. Leo nafasi za serikali zinapotangazwa, waombaji huwa wengi mara nyingi kuliko nafasi. Mwenye shamba linalomlisha ana unafuu hapa kuliko kijana aliyemaliza chuo mjini bila kitu: shahada ikimpatia kazi ni vyema, isipompatia karoti zipo. Hatari ni kwa yule anayeuza shamba la ukoo ili alipe ada.

Aliyekwisha kuamua aanze na vyeti vyake leo, kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Majina ndiyo huchelewesha watu wengi. Cheti cha darasani kina jina la ubatizo na la baba, kitambulisho cha taifa kina jina la ukoo, na benki ina la tatu. Kulinganisha majina hayo kisheria huhitaji kiapo na safari kadhaa za mjini. Aliyepoteza cheti aanzie kituo cha polisi kuchukua taarifa ya upotevu, kisha aandikie Baraza la Mitihani, na ahesabu kwamba majibu yanaweza kuchukua muda kuliko karoti kukomaa.