Doa la mawese kwenye kiti cha gari: sabuni kwanza, jua baadaye

Bidoni la mawese la lita 20 likikosa kifuniko kizuri, barabara yenye mashimo inatosha kulimwaga. Kwenye kiti cha teksi, hasara haiishii kwa mafuta yaliyopotea. Kesho yake abiria anafungua mlango, anaona doa jekundu, anaufunga na kungoja gari ingine. Siku ya Jumapili, watu wakiwa wamevaa nguo nyeupe, hakuna anayekubali kukaa pale. Lakini jioni mwenye gari anangoja pesa yake kama kawaida.

Iwe Goma, Bukavu, Butembo ao Kisangani, kosa la kwanza linatokana na haraka: kumwaga ndoo ya maji kwenye kiti na kusugua kwa nguvu. Maji peke yake hayatoi mafuta. Kusugua kunasukuma doa ndani ya sifongo ya kiti na kulipanua.

Mawese: hatua kwa hatua

Kwanza, kandamiza doa kwa kitambaa kikavu ili kinyonye mafuta. Halafu nyunyiza unga wa muhogo ao wa mahindi, uuache nusu saa, kisha upanguse kwa burosi. Baada ya hapo, chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, uchanganye na maji ya vuguvugu, utumie povu tu. Anzia pembeni ya doa ukielekea katikati. Pangusa kwa kitambaa safi chenye unyevu na urudilie mara mbili ao tatu.

Mafuta yakiisha kutoka, mara nyingi rangi ya machungwa inabaki. Rangi hiyo ni karotini, ile ile inayopatikana katika karoti, na mwangaza wa jua unaivunja. Egesha gari milango ikiwa wazi, kiti kikielekea jua, na rangi itafifia. Lakini jua lisitangulie sabuni, kwani joto linafanya mafuta yashikamane zaidi na kitambaa.

Damu na maziwa: maji baridi

Gari nyingi zinabeba wagonjwa, majeruhi na wamama wanaoenda kujifungua. Damu, kama maziwa, ina protini. Maji ya moto yanaigandisha ndani ya nyuzi za kitambaa, ndiyo maana inahitaji maji baridi na sabuni kidogo. Anayesafisha avae glavu, na akikosa, afunge mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka. Akimaliza, anawe kwa sabuni.

Kuna hali ambapo dereva hapaswi kusafisha mwenyewe. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri ulionyesha kwamba damu na matapishi ya mgonjwa vinaweza kuambukiza. Kama aliyebebwa anashukiwa kuwa na ugonjwa huo, dereva asiguse kiti, afunge gari na kuita wahudumu wa afya.

Vumbi na matope

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano Nyiragongo, na vumbi lake jeusi ni kali kama msasa. Ukililowesha, linaingia ndani. Ukilisugua, linakata nyuzi. Lipanguse likiwa kavu. Matope nayo yaachwe yakauke, yapigwe kwa burosi, ndipo sabuni ifuate.

Mambo mawili ya hatari

Kuna wanaotoa madoa kwa esansi. Ni kweli inayeyusha mafuta, lakini mvuke wake unajaa ndani ya gari, na cheche moja ao sigara inatosha kuwasha moto. Mvuke huo pia unaleta kizunguzungu.

La pili ni maji ya javeli. Yanachuja rangi ya kitambaa, na yakichanganywa na siki yanatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Hata mkojo wa mtoto haufai kumwagiwa javeli: viwili hivyo vikikutana vinaweza kutoa gesi ya sumu. Kwa mkojo, sabuni na maji, kisha siki iliyopunguzwa kwa maji, vinatosha.

Kukausha ndiyo nusu ya kazi

Kiti kinachoonekana kikavu juu kinaweza kuwa bado na maji ndani ya sifongo, na hapo ndipo harufu mbaya na ukungu vinaanzia. Katika majira ya mvua ni afadhali kutumia maji kidogo, kukamua kwa taulo na kuacha madirisha wazi. Chini ya viti vya gari nyingi za kisasa kuna pia nyaya za umeme, zikiwemo za mifuko ya hewa inayolinda abiria wakati wa ajali, hazipaswi kuloweshwa.

Hata hivyo, njia iliyo rahisi zaidi inafanyika kabla ya safari: bidoni likae nyuma, kwenye nafasi ya mizigo, limesimama wima, kifuniko kimekazwa na plastiki imetandikwa chini yake. Dereva atapoteza dakika mbili kulipanga, lakini hatapoteza abiria wa kesho.