Henry Lee, Kamanda wa Askari wa Farasi (4): Siku Kumi na Mbili za Februari 1781

Julai hii Marekani inatimiza miaka 250 tangu itangaze uhuru, na hotuba za sherehe zimejaa farasi na mashujaa. Henry Lee, tuliyemwacha juma lililopita akitunukiwa medali ya dhahabu kwa ushindi wa Paulus Hook, anafaa sana kwa hotuba hizo. Mimi nimempenda tangu ujana, na kwa sababu hiyo siridhiki akisimuliwa nusu.

Wasomaji wa makala haya wanajua jinsi ninavyowahusudu farasi wa kikosi chake: wanyama wa Virginia, wengi wa uzao wa mbio, wenye pumzi ndefu. Waingereza wa Tarleton, kamanda wa farasi wa adui, walijipandia waliowapata mashambani. Tarehe 13 Februari 1781, jeshi la Marekani la Jenerali Greene likikimbilia mto Dan na Lee akililinda kwa nyuma, mkulima mmoja alikuja kusema kwamba adui amekaribia. Akatakiwa arudi pamoja na askari wachache kuwaonyesha njia. Mkulima akakataa kwenda na farasi wake dhaifu, na haki alikuwa nayo. Basi mpiga tarumbeta wa kikosi, mvulana aitwaye James Gillies, akaamriwa ampe farasi wake mzuri, naye apande kile kikongwe cha mkulima na kurudi nyuma kwenye usalama.

Hakufika. Askari wa Kiingereza walimkuta njiani, wakamkatakata kwa panga ilhali hana silaha yoyote mkononi. Lee alitoka msituni na watu wake kwa shoti, wakawaua kumi na wanane. Kapteni wao, Miller, alitekwa, na Lee akaamuru anyongwe papo hapo. Kilichomwokoa ni kutokea kwa kikosi cha mbele cha Cornwallis, jenerali wa Waingereza.

Hasira ile ilikuwa ya haki. Kumuua asiye na silaha ni uovu, awe amevaa sare ya nani. Lakini hebu tusogee siku kumi na mbili tu.

Tarehe 25 Februari, karibu na mto Haw, watu wapatao 400 waliokuwa watiifu kwa Mfalme, wakiongozwa na Dakta John Pyle, walikuwa njiani kujiunga na Waingereza. Vikosi vya Lee na Tarleton vyote vilivaa koti fupi la kijani, nao wakadhani Lee ndiye Tarleton. Wakajipanga kando ya barabara kumpisha, bunduki zikiwa mabegani. Lee akapita mbele yao hadi kwa Pyle, akampa mkono. Kisha huko nyuma mapigano yakazuka, na panga zikashuka. Watu walilia kwamba wao ni marafiki wa Mfalme, wakiamini wanauawa kwa makosa. Wapatao tisini walikufa. Upande wa Lee hakufa mtu.

Lee aliandika kumbukumbu zake akiwa gerezani kwa madeni, mwaka 1809 na 1810, baada ya tamaa ya kununua ardhi kummaliza. Tayari alikuwa amekwisha kuwa gavana wa Virginia na mbunge. Humo anamlilia Gillies kwa moyo wake wote. Kuhusu mto Haw anajitetea kwamba alikusudia kuwapa nafasi ya kutawanyika. Namwamini kuhusu nia yake. Lakini aliyeupeleka upanga hadi shingoni mwa mtu kwa hila hawezi kusema hakujua unaweza kukata.

Kitabu kilitoka mwaka 1812. Julai ya mwaka huohuo, huko Baltimore, alijiunga na waliolilinda gazeti lililopinga vita na Uingereza. Walijisalimisha wakiahidiwa ulinzi, wakawekwa jela. Umati ukavunja milango. Jenerali Lingan, mkongwe wa vita vya uhuru, aliuawa. Lee alipigwa hadi akadhaniwa amekufa, akamiminiwa nta ya moto machoni. Hakupona kamwe.

Wazungumzaji wa sherehe hizi watamtaja akiwa juu ya farasi. Watoto wa shule wanastahili kuambiwa pia habari za mto Haw.

Alifariki tarehe 25 Machi 1818 katika kisiwa cha Cumberland, Georgia, nyumbani kwa binti wa Greene. Mwanawe Robert alikuwa na miaka 11. Juma lijalo tutaona jinsi Robert huyo, akiwa jenerali wa Kusini aliyeshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alivyokichapisha upya kitabu cha baba yake mwaka 1869.