Kitanda cha Sita kwa Sita Ndicho Kipimo

Fundi akikuambia chumba ni mita tatu kwa tatu, muulize amepimia wapi. Wengi hupima senta kwa senta, yaani katikati ya ukuta huu hadi katikati ya ukuta ule. Tofali la block la inchi sita lina upana wa sentimita 15. Ongeza plasta pande zote mbili, unapata ukuta wa sentimita 18 hivi. Mita tatu zako zimeshakuwa 2.82. Ingiza kitanda cha sita kwa sita, kinakula mita 1.83. Ingiza kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60. Njia ya kupita inabaki sentimita 39. Hapo hupiti ukiwa umebeba mtoto. Unapita ubavu ubavu.

Kwa hesabu hiyo, namshauri yeyote anayejiandaa kujenga, awe Mandewa, Kiomboi au Manyoni hapa Singida, achezee kwanza programu ya kuchora nyumba kabla hajamwita fundi. Picha nzuri za kurusha kwenye grupu la familia si hoja yangu. Ukuta wenye urefu wa mita tatu na kimo cha mita tatu unakula matofali ya block yapatayo 90, hapo hujahesabu saruji, mchanga, maji wala ujira. Kuusogeza kwenye skrini ni bure.

Swali ni programu ipi, na kama kuna haja ya kuilipia. Nianze na ninayoipendekeza: Sweet Home 3D. Ilianza mwaka 2006, inatolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Sifa kubwa kwa mtu wa huku kwetu ni kwamba ukishaipakua mara moja, hata kwenye laptopu ya rafiki ukaihamisha kwa flashi, haihitaji intaneti tena. Inakubali kompyuta za zamani. Ila pakua kwenye tovuti yake yenyewe, kwa sababu kwenye duka la Microsoft inauzwa. Anayenunua huko analipia samani nyingi zaidi za kupanga humo ndani. Uchoraji wenyewe ni uleule.

Ina mtego mmoja ambao sijaona watu wakiutaja. Ukianza kuchora, ukuta wake huja na unene wa sentimita 7.5 na kimo cha mita 2.5. Hizo ni kuta za nchi za watu, si za block wala za tofali la kuchoma. Chumba kile kile cha tatu kwa tatu kitakuonyesha njia ya karibu sentimita 50 pembeni ya kitanda, utaridhika, kisha utajenga na kukuta 39. Kwenye nyumba yenye kuta tano kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, uongo huo unajikusanya hadi nusu mita. Kwa hiyo kabla hujavuta mstari wa kwanza, fungua mapendeleo, weka unene sentimita 18 na kimo unachokusudia. Vitanda vyake navyo vipime upya, maana havijui sita kwa sita ni nini.

SketchUp ni habari nyingine. Google iliinunua mwaka 2006, ikaiuza kwa Trimble mwaka 2012, na toleo la mwisho la bure la kuweka kwenye kompyuta lilikuwa la mwaka 2017. Siku hizi ya bure hufanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo bando lako linaliwa muda wote unaochora, na mtandao ukiyumba kazi inasimama. Toleo la kulipia la wataalamu ni zaidi ya dola 300 kwa mwaka. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya laki saba na nusu kwa kitu utakachokitumia miezi miwili. Ninaitumia ya bure kwa jambo moja tu, paa, kwa sababu Sweet Home 3D haikuezekei nyumba yenyewe. Inabidi uingize paa lililochorwa kwingine. Na paa linastahili bando. Kenchi na bati vinamaliza mfuko kuliko watu wanavyodhani, hasa kila unapoongeza kona ili nyumba ipendeze kwa nje.

Nikiwa hapo hapo kwenye paa: mtindo wa paa la kuficha umeingia Singida kwa nguvu. Ukiziona nyumba hizo kwa mbali, umbo ni la tembe, paa bapa na kuta zilizonyooka. Lakini tembe lilikuwa na ukuta mnene wa udongo na paa la udongo lililozuia joto. Hili lina bati juu na mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta. Mvua zetu huja msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na mfereji ulioziba majani kipindi chote cha kiangazi hukuumbua siku ya kwanza ya mvua. Kwenye skrini paa hilo halivuji kamwe.

Za simu, kama Planner 5D, ni nyepesi kujifunza na watoto watakusaidia. Kasoro yake ni kufuli: unachagua kochi, unaambiwa lipia. Kwa kupanga sebule iliyokwisha kujengwa zinafaa. Kwa kujenga, hapana.

AutoCAD, Revit na ArchiCAD waachie wenye kazi yao. AutoCAD ni dola zipatazo 2,000 kwa mwaka, yaani karibu milioni tano, na tangu 2016 kampuni ya Autodesk haiuzi tena leseni mpya ya kununua moja kwa moja. Utaambiwa kuna kreki mjini, unawekewa kwa bei ya soda mbili. Pamoja na kreki huja virusi, na ukifomatiwa kompyuta umepoteza ramani. Kuna pia mpwa anayesoma Chuo Kikuu Ardhi mwenye leseni ya mwanafunzi isiyolipiwa. Leseni hiyo ni ya masomo, kwa hiyo mwombe akufundishe badala ya kumpa kazi ya kulipwa.

Pesa uliyookoa ina mahali pa kwenda. Mchoro wako wa Sweet Home 3D haukupi kibali cha ujenzi. Hauna mkato wa msingi, hauonyeshi nondo za lenta wala mpangilio wa kenchi. Manispaa au halmashauri itataka michoro ya mtaalamu, na wabunifu majengo husajiliwa na bodi yao, ambayo ndiyo pia ya wakadiriaji majenzi. Muulize anayekuchorea kama amesajiliwa kabla ya kuuliza bei. Ramani za mtandaoni zilizo tayari ni rahisi zaidi, sikatai, ila zimechorwa kwa kiwanja kisicho chako: hazijui barabara yako iko upande gani wala mwamba umetokeza wapi. Na miamba Singida haihitaji kutafutwa.

Mpelekee mbunifu karatasi. Kwa kipimo cha 1:100, nyumba ya mita 12 kwa 14 inaenea kwenye A4, kwa hiyo steshenari yoyote itakuchapia; usikubali kuuziwa A3 bila sababu. Ukienda na karatasi yenye vipimo vya ndani na samani zimepangwa, mazungumzo yanaanza mbali. Usipokwenda nayo, utalipia marekebisho matatu ambayo ungeyafanya mwenyewe usiku nyumbani.

Kitu cha mwisho kimo ndani ya Sweet Home 3D na wengi hawakifungui: dira. Unaiambia kaskazini iko wapi na kiwanja kiko latitudo ngapi. Singida mjini ni takriban nyuzi 4.8 kusini, longitudo 34.7 mashariki. Kisha unachagua tarehe na saa, inakupigia picha jua likiwa mahali pake. Kwa laptopu dhaifu picha moja inaweza kukesha, kwa hiyo punguza ubora kwanza. Upepo haina; kwa huo tazama miti ya mtaani kwako imeinamia upande gani.

Niliijaribu kwa ramani yangu, mwezi Septemba, saa kumi alasiri. Sebule ilitazama barabara, na barabara iko magharibi. Jua lilikuwa limeingia hadi kwenye meza ya chakula. Nikaigeuza nyumba, sebule na baraza vikatazama kaskazini, stoo na bafu vikabeba magharibi. Sasa ubavu wa nyumba ndio unaoonekana barabarani, na majirani wanaopita kwenye msingi wananiuliza kama fundi alishika ramani kichwa chini.