Mgao wa maji: athari zake ziandike wewe mwenyewe

Vijana wenzangu wa mboga hapa Kibamba, Oktoba 2022 mnaikumbuka. Mto Ruvu ulipungua, maji ya jiji yakashuka hadi kama lita milioni 300 kwa siku wakati mahitaji yalikuwa kama milioni 500, na DAWASA ikaanza mgao. Ratiba ilitaja maeneo na siku. Mchicha haukutajwa, na si ajabu: Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitanguliza maji ya nyumbani. Bustani inapata kinachobaki.

Ndo maana hasara yako hataiandika mtu mwingine. Ukienda kuomba mkopo au kukaa na ofisi ya kata na maneno matupu kwamba mgao umekuumiza, utaambiwa pole. Nenda na daftari.

Tupige hesabu. Tuta la mita 10 kwa 1, kipindi cha jua, linataka kama lita 50 kwa siku. Matuta 20 ni lita 1,000, yaani madumu 50. Mchicha wa siku 25 unakunywa lita 25,000. Ukinunua yote, ni maboza matano ya lita 5,000. Gawa gharama ya maboza hayo kwa idadi ya mafungu uliyouza, ndo utaelewa kwa nini bei ya sokoni ilipanda na mfukoni hukubaki na kitu.

Sasa safu ambayo wengi wanairuka: nani alibeba maji? Madumu 50 hayajibebi. Ni mkeo, mdogo wako au kibarua? Andika jina na saa alizotumia. Maji yakifunguliwa saa nane usiku kuna mtu hakulala, na huenda kuna mtoto kachelewa shule. Hiyo nayo ni gharama, hata kama hukuilipa kwa hela. Andika pia bei ya dumu kwa jirani mwenye kisima, kabla ya mgao na wakati wa mgao. Foleni ikianza ugomvi, andika. (Mkiwa na namba, kukubaliana zamu na bei kunakuwa rahisi kidogo.)

Bwawa la Kidunda linalojengwa Morogoro limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili Ruvu isikauke kiangazi. Hadi likamilike, panga idadi ya matuta kwa maji uliyoyaandika msimu uliopita, na weka matandazo mapema. Nikipita shambani kwako nitaomba daftari kwanza, majani nitaangalia baadaye.